Nyika iliyo nyuma ya ploti zetu

(Mada iliyozungumzwa mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri, Kitengela. Imeandikwa upya kwa ajili ya msomaji.)



Ndugu zangu vijana, na wewe dada unayesoma haya ukiwa umeegemea ukuta wangojea adhana ya Magharibi, nawasalimu. Nilipoombwa nizungumze nilidhani nitapewa mada ya saumu, maana mwezi wenyewe ndio huu. Lakini masheikh wapo na hiyo ni kazi yao. Mimi nikaambiwa, zungumza na vijana kuhusu mazingira, na tafadhali usiwachoshe, wamefunga. Basi nitajaribu.

Nilianza kwa swali. Ni nani hapa amewahi kuingia Mbuga ya Wanyama ya Nairobi? Mikono iliyoinuka ilikuwa mitano, na mmoja katika hiyo alikuwa dereva wa matatu aliyewapeleka wanafunzi. Sasa hebu tazameni. Tunaishi Kitengela, mbuga iko hapo ng'ambo ya mto, usiku mwingine simba husikika, na sisi hatujawahi kuingia. Mtalii hutoka Ujerumani kuja kuona kitu ambacho sisi tumekipa mgongo.

Nitaeleza kidogo kwanza, halafu nije kwenye nafasi zenyewe, kwa kuwa najua ndizo mlizozijia.

Mbuga ile ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza katika nchi yetu. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 117 tu. Imewekewa ua pande tatu. Upande wa kusini, yaani upande wetu sisi, hakuna ua. Mpaka ni mto Mbagathi. Si kwamba pesa za waya zilikwisha. Mvua inaponyesha, nyumbu na punda milia hutoka mbugani wakaja huku kwenye nyika ya Athi na Kaputiei, Kitengela, Isinya na kuendelea, ambako nyasi ni fupi, zina chumvichumvi nzuri, na mama mwenye ndama anaweza kumwona adui akiwa mbali. Kiangazi kikiingia hurudi mbugani kufuata maji. Kwa hiyo hii ardhi yetu ndiyo nusu nyingine ya mbuga, ingawa haina lango wala tikiti.

Nini kilitokea? Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapewa chake. Mwaka 1990 hivi eneo la viwanda vya kuuza nje, lile tunaloliita EPZ, likaanzishwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Ardhi ikauzwa, ikakatwakatwa, ikapigwa waya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyika hii walihesabiwa karibu 30,000. Hesabu za miaka ya 2010 zilikuta hawafiki 5,000. Hatukuwala hao wote. Wengi wao tuliwafungia njia.

Simlaumu aliyenunua ploti. Mimi mwenyewe nalala kwenye hamsini kwa mia, na nina ukuta. Wala simlaumu Mmaasai aliyeuza kulipa karo. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyama: mwenye shamba alikubali asipige ua, asichimbe mawe, asitege wala kuwinda, naye alikuwa akilipwa kama shilingi 300 kwa eka kwa mwaka. Pesa zilipangwa zije mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa, na aliyepanga hivyo alikuwa na akili. Familia kwa mamia ziliingia. Lakini shilingi 300 kwa eka, mbele ya dalali anayekuja na mamilioni! Mwajua wenyewe ni nani alishinda pahali pengi. Hata hivyo pako palipobaki wazi mpaka leo, kama kule Empakasi kwenye hifadhi ya jamii ya Naretunoi, na panapobaki wazi panahitaji watu.

Hapo ndipo unapoingia wewe, kijana uliyemaliza kidato cha nne na umekaa nyumbani, au uko chuo na likizo ni ndefu, au unaendesha boda boda na asubuhi huna abiria.

Watu wengi hudhani kazi ya wanyama ni bunduki na gwanda la kijani, au ni shahada na gari la Land Cruiser. Mfano mzuri tunao hapa hapa. Kijana Richard Turere alikulia mpakani mwa mbuga, upande wetu. Tangu ana miaka tisa alikuwa akichunga ng'ombe wa babake, na simba walikuwa wakija usiku kuwala. Alijaribu moto, simba wakaona vizuri zaidi. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakaogopa, siku ya pili wakaona kumbe haitembei, wakapita. Usiku mmoja alikuwa akizunguka boma na tochi, simba hawakuja. Akaelewa kwamba simba anaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya jua, kile kidude cha pikipiki kinachofanya taa ziwakewake, na balbu za tochi mbovu, akazifunga kuzunguka boma. Alikuwa na miaka 11. Mwaka 2013 alisimama jukwaani Marekani kueleza kazi yake, na taa hizo zikaigwa pahali pengi.

Watu wakisimulia habari hii husifu zile waya. Mimi nasifu kule kuangalia. Alitazama usiku baada ya usiku, akaona kinachofaa na kisichofaa. Ndiyo maana nasema nafasi ya kwanza ya kujifunza haina fomu. Ni daftari, kalamu, na subira ya kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu.

Na jambo lenyewe si la kupitisha wakati. Mnakumbuka mwaka 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki huku Kitengela kwa siku moja, baada ya kuingia kwenye boma la mbuzi. Mwaka 2016 simba aliyeitwa Mohawk alipotea mpaka Isinya, watu wakamzunguka, akajeruhi mtu, akapigwa risasi na askari wa wanyamapori. Magazeti yakaandika siku mbili tatu. Lakini simba yule alipita wapi kutoka mbugani hadi Isinya? Kwenye mashamba ya nani? Anayeishi karibu na njia ile ndiye awezaye kujua, lakini kama hakuandika, ujuzi wake unaishia kwenye kahawa.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyatunza. Likitaka kuja machimbo ya mawe au kiwanda, kuna ripoti ya athari za mazingira inayopelekwa NEMA na wananchi hualikwa kutoa maoni. Nimehudhuria vikao hivyo. Mzee anasimama anasema, "Hapa wanyama hupita tangu zamani." Anapigiwa makofi, anakaa. Kisha anasimama mtaalamu wa kampuni na karatasi, anasema timu yake ilikaa siku tatu haikuona mnyama. Nani ataandikwa kwenye ripoti? Siku tatu za mgeni zinashinda miaka sitini ya mzee, kwa sababu za mgeni zina tarehe. Sasa fikiria angesimama kijana wa hapa na daftari la miaka miwili, tarehe, saa, idadi.

Tuje kwenye namna ya kuanza. Nitakaa zaidi kwenye ndege kwa sababu ndege hawahitaji gari, hawahitaji tikiti ya mbugani, na wapo hata juu ya waya wa stima mbele ya duka lako.

Kuna kazi iitwayo Kenya Bird Map, iliyoanza mwaka 2013. Nchi nzima imekatwa viboksi vya kama kilomita tisa kwa tisa. Mtu yeyote hujiandikisha bure, akachagua kiboksi, akatembea humo akiandika kila aina ya ndege aliyemwona au kumsikia, kwa mpangilio aliowaona. Orodha kamili yataka angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii, na waweza kuiongezea mpaka siku ya tano. Kuna programu ya simu ya bure, BirdLasser, inayohifadhi mahali ulipo hata kama huna bando wakati ule. Orodha yako inaingia kwenye ramani, na mtafiti aliyeko Nairobi au Cape Town anaitumia. Kiboksi kinachotembelewa mara moja hakisemi mengi. Kinachotembelewa kila mwezi na mtu yule yule kinasema nani amekuja, nani ameondoka, nani hajaonekana tangu waya upigwe. Hiyo ni kazi ya mwenyeji. Mtalii haiwezi.

Na saa mbili hizo, jamani, Ramadhani imetupangia. Umekula daku, umeswali Alfajiri, badala ya kurudi kitandani mpaka saa tano, toka saa kumi na mbili na nusu. Ndege wako macho, jua halijawa kali, hujapata kiu. Saa mbili na nusu uko nyumbani, ulale sasa.

Utamwona nani? Huku kwetu kuna tandawala, yule ndege mzito kuliko wote wanaoruka huku, anatembea nyikani kama mzee anayekagua shamba. Kuna karani tamba, mwenye miguu mirefu, anayekanyaga nyoka. Na mvua ndefu zikinyesha, nyasi zikiwa zimepanda, kuna ndege mdogo mweusi mwenye mkia mrefu anayerukaruka papo hapo kama aliyekanyaga kaa la moto, akijionyesha kwa majike. Wazungu humwita Jackson's Widowbird. Dunia nzima anapatikana Kenya na kaskazini ya Tanzania tu. Yuko hapa nyuma ya ploti zetu, na nyasi zake zinageuzwa misingi ya nyumba kila mwezi.

Darubini ni ghali, kweli. Lakini hupaswi kuanza kwa kununua. Nature Kenya, ambayo chimbuko lake ni chama kilichoundwa mwaka 1909, ina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yakianzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Huko utakuta wazee waliobobea, na darubini hupitishwa mkono hadi mkono. Mara ya kwanza nilipokwenda sikujua tofauti ya mwewe na kipanga. Nilisimama nyuma nikiona haya. Mama mmoja mzee akanipa darubini yake akaniambia nisitazame rangi, nitazame mkia. Nimejifunza zaidi kwa mama yule kuliko kitabu chochote. Kila Januari pia watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini kwenye maziwa mbalimbali, Magadi ikiwemo, na Magadi ni Kajiado yetu. Kazi ya kuanzia ni kuandika namba anazotamkiwa na mwenye darubini. Ukiweza kuandika 250 bila kuipotosha, unatosha.

Huenda ukasema, ndege watanilisha? Swali halali. Kule Kipeto, ukielekea Esilanke, kuna mitambo 60 ya umeme wa upepo, megawati 100, iliyoanza kazi mwaka 2021. Mabawa yale yanaweza kumkata tumbusi vipande. Basi wameajiriwa vijana wa pale pale, wamefunzwa kutambua tumbusi na tai wakiwa mbali angani, na wakimwona anakuja hupiga simu ya upepo mtambo usimamishwe mpaka apite. Huo ni mshahara, na unatokana na kujua umbo la ndege akiwa kama nukta. Si mbali na huko yako majabali ya Kwenia, ambako tumbusi aina ya Rüppell huzaa. Ndege huyo tangu mwaka 2015 yuko kwenye daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka. Anayemuua zaidi ni sumu. Mtu ameliwa ng'ombe, anapaka sumu mzoga ili amuue fisi, na tumbusi mia wanashuka. Vijana wa kujitolea huko huhesabu viota na huzunguka bomani wakiongea na wachungaji juu ya sumu. Kuongea na watu pia ni ujuzi, na sisi tuliozoea mihadhara na vikao tunao.

Upande wa Amboseli, tangu mwaka 1972 Cynthia Moss na wenzake wanafuatilia tembo mmoja mmoja, wakiwatambua kwa mipasuko ya masikio. Mwaka 2007 watu wengine walianza Lion Guardians kule Mbirikani: wakachukua morani, wale wale ambao sifa yao ilikuwa kuua simba, wakawafanya walinzi wa simba. Wengi hawakujua kusoma. Walifunzwa kuandika na kutumia kifaa cha GPS wakiwa kazini. Walichokuwa nacho tayari, yaani kusoma nyayo, hakuna chuo kingewafunza. Magharibi ya kaunti, Olkiramatian, kuna kituo cha Lale'enok ambako wenyeji hukusanya habari za wanyama, malisho na mvua na kuzijadili wao wenyewe kabla hazijaenda kwingine. Ukipata nafasi ya kwenda kukaa hata wiki moja, nenda.

Dada mmoja aliuliza ukumbini, na sisi wasichana? Akasema babake hatamruhusu kwenda porini. Nilimjibu hivi. Mwaka 2019 kule Olgulului, karibu na Amboseli, waliajiriwa wasichana wanane wa Kimaasai kuwa walinzi wa wanyama, kikosi kiitwacho Team Lioness. Jamii yao ni ngumu kwa wasichana kuliko yetu, na walikubaliwa. Lakini simwambii agombane na babake. Aanze na wenzake wawili watatu, mchana, kwenye kiboksi cha mtaani, na amwalike baba siku moja. Baba akiona daftari atauliza maswali, na akianza kuuliza umeshampata. Walimu wa shule nao wakumbuke Wildlife Clubs of Kenya, vilabu vilivyoanzishwa na wanafunzi mwaka 1968. Shule yenye klabu iliyosajiliwa hufikia mbuga na mafunzo kwa urahisi zaidi. Na anayetaka cheti, chuo cha wanyamapori kiko Naivasha, chini ya taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori, WRTI. Nenda na orodha zako ulizokusanya. Atakayekuhoji atajua hukuja kubahatisha.

Sasa maonyo mawili, na la kwanza ni dhidi yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma tulipanda miche 200 kwenye shule moja hapa. Tulikuwa na fulana, bango, na picha nyingi sana. Hatukupanga nani atamwagia maji. Mbuzi walikula nusu, kiangazi kikamaliza iliyobaki, na mwalimu mmoja alipoulizwa akasema alidhani tutarudi. Sote tunaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Yule hakuwa na bango. Tangu siku ile mimi sipandi mti mbali na mahali ninapoweza kufika na ndoo. Tena kwenye nyika ya nyasi, mti si lazima. Yule ndege mweusi wa mkia mrefu hataki mti, anataka nyasi.

La pili ni pesa. Shirika moja, jina nalisitiri, lilinitoza ada ya fomu na ya mafunzo ya kujitolea, na mafunzo sikuyaona. Ukiambiwa ulipe kwanza ili ufanye kazi bure, uliza maswali. Uliza kazi ni ipi, nani atakufunza, nauli na chakula ni juu ya nani, na mwisho utapewa barua au la. Kujitolea si kudhulumiwa. Aliye na nia njema hakasiriki kuulizwa.

Mengine tutazungumza tukitembea. Jumamosi hii, baada ya Alfajiri, tunakutana nje ya msikiti. Tutakwenda kwa miguu mpaka kwenye lile bwawa dogo nyuma ya ploti za mwisho, tutumie saa zetu mbili, turudi. Njoo na daftari na kalamu mbili, moja huwa inakwama. Darubini ziko mbili, tutapokezana. Vaa viatu vya kufunga, maana ikinyesha usiku, ule udongo mweusi mnaujua: ndala inabaki pale, wewe unaondoka.